Uainishaji wa Matairi ya Pikapu Kakamega, Pamoja na Tabia za Wanaoyanunua

Wataalamu wa viumbe wamekuwa wakiingia Msitu wa Kakamega miaka nenda miaka rudi, mikononi nyavu, darubini na madaftari. Ndege wamewahesabu wakapita spishi 300. Vipepeo wamewapa majina ya Kilatini, nyoka wamewapima kwa rula, na hata kuvu wa kwenye magogo wana watu wao. Tumearifiwa kwamba haya ndiyo mabaki ya upande wa mashariki ya msitu mkuu wa mvua wa Kongo, na kwa taarifa hiyo tunashukuru. Ila kila mmoja wa wataalamu hao, kabla hajafika Isecheno au Buyangu, alifika kwa gari. Mara nyingi gari hilo lilikuwa pikapu. Na pikapu hiyo ilikalia matairi manne ambayo hakuna aliyeyaandikia hata tanbihi. Hilo ni pengo kubwa katika elimu ya Magharibi, yaani ule Mkoa wa Magharibi wa zamani, na makala haya yanakusudia kuliziba.

Utafiti ulifanywa kwa kuinama. Mtafiti (ndivyo nitakavyojiita, fani inataka unyenyekevu) alizunguka kila mahali pikapu zinapokusanyika: vituo vya mafuta vya Lurambi, nje ya uwanja wa Bukhungu siku ya mechi, Khayega fahali wanapopigana, na kwenye maziko ya Jumamosi. Maziko ndiyo maabara bora kuliko zote. Pikapu huwa nyingi, huegeshwa kwa saa nyingi, na mtu aliyeinama kando ya gari huku akitikisa kichwa hudhaniwa ana majonzi, hivyo hakuna anayemsumbua kwa maswali. Wawili watatu walimpa pole.

Msomaji mwenye haraka apewe matokeo mapema. Mwenye pikapu wa Kakamega hanunui tairi la barabara anayoipita. Hununua tairi la barabara anayoiogopa. Yote yatakayofuata ni ushahidi.

Makao asilia

Pikapu ya Kakamega huishi kwenye A1. Barabara hii huanza safari yake ya kwetu pale Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, ikavuka Ikweta bila sherehe yoyote, ikapanda kupitia Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali, ikapita chini ya lile Jiwe la Kulia la Ilesi, na kuingia mjini ikiwa imeshavuka mita 1,500. Kisha inaendelea Malava na Webuye. Ni lami. Ina matuta, ina mashimo yanayohama, ina trela za miwa zinazomwaga miwa na matope ya shamba katikati ya njia, ina bodaboda inayobeba kitanda na mwenye kitanda. Lakini ni lami. Mwalimu wa Sigalagala, muuza mbao wa Lubao, mwenye duka la mbolea anayefuata mzigo Kisumu: siku za kazi wote huishi juu yake.

Juu ya lami hiyo hunyesha. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban mara mbili ya Nairobi, na sehemu kubwa yake huja alasiri kwa mpigo mmoja, wakati ule ule shule zinapofungwa na ofisi zinapofikiria kufungwa. Miezi mikavu kidogo ni Desemba hadi Februari. Msomaji ashike miezi hiyo mitatu, tutaihitaji.

Ukitoka kwenye lami kuna udongo mwekundu. Pale greda ilipopita huitwa maramu. Pale ambapo greda iliahidiwa tu, huwa mfinyanzi, na mvua ikishauloweka, kila mtu hugeuka mtaalamu wa kuendesha, hasa walio nje ya gari.

Spishi tatu

Viwandani tairi la pikapu limegawanywa makundi matatu, na herufi za makundi hayo huandikwa ubavuni au kwenye jina la tairi. Mtafiti ameyakubali makundi hayo shingo upande.

La kwanza ni Tairi la Lami, HT. Utalitambua kwa mifereji mitatu au minne iliyonyooka, inayolizunguka tairi pande zote bila kukatika, na vichanjo vyembamba katikati ya mbavu zake za mpira. Ni kiumbe kimya. Dereva husikia redio, na abiria husikia siri za dereva. Huchakaa taratibu, halili mafuta mengi, na kwenye lami iliyolowa hushika breki vizuri kuliko wenzake wote, kwa sababu mpira unaogusa barabara ni mwingi na maji yamepewa njia ya kutokea. Adui yake ni mfinyanzi. Udongo huingia kwenye mifereji na kukataa kutoka, na baada ya mizunguko michache gari huwa linatembea na soksi juu ya sakafu iliyopigwa nta.

La pili ni Tairi la Kotekote, AT. Meno yake ni vipande vipande, yenye nafasi kati yao, na mabega yake yamechongwa. Huuzwa kwa watu wasiotaka kuamua, nao ni wengi, ndiyo maana pia ndilo tairi linalosifiwa zaidi vijiweni. Mtafiti hana ugomvi nalo. Kwenye maramu hulishinda la lami waziwazi, kwenye lami hushindwa kidogo, na kelele zake huzoeleka.

La tatu ni Tairi la Matope, MT. Hili halihitaji kutambuliwa, hujitangaza. Meno yake ni makubwa, yako mbalimbali, ili udongo ulioingia urushwe nje gurudumu linapozunguka. Shambani lina haki ya kuheshimiwa. Tatizo ni kwamba nafasi ile ile iliyoachwa kwa ajili ya tope ni nafasi isiyo na mpira, na kwenye lami iliyolowa, kati ya gari lako na tela la miwa lililosimama ghafla pale Malava, kinachokuokoa ni mpira. Huvuma. Likishachakaa upande huvuma zaidi, kiasi kwamba mama mmoja alimwuliza mtafiti kama ile pikapu inayokuja ni helikopta ya mwanasiasa.

Nje ya spishi hizi tatu kuna mahuluti ambayo sayansi bado inayatafutia nafasi. Kuna tairi lililovishwa mpira mpya juu ya kiwiliwili cha zamani, ambalo likifanywa na mtu anayejua kazi halina kosa, na malori mengi hutembea nalo. Kuna tairi la mtumba. Na kuna lile lililochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto baada ya kuwa kipara, ambalo kwa nje lina umri wa miezi sita na kwa ndani nyuzi zake zinaona jua. La mwisho hili ni la wataalamu wa uhalifu, halitajadiliwa zaidi hapa.

Maandishi ya ubavuni

Ubavu wa tairi ndio mwamba wenye maandishi ya kale wa zama zetu. Kila mtu hupita kando yake, hakuna anayeusoma. Tuchukue mfano ulio chini ya pikapu nyingi mpya za kebini mbili, iwe Hilux au ndugu zake: 265/65R17 112S.

265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, kama asilimia ya upana huo, yaani milimita 172 hivi. R ni mpango wa nyuzi zinazokatiza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ambao Michelin waliuwekea hataza mwaka 1946 na ambao leo umefagia karibu kila gari dogo. 17 ni rimu kwa inchi. Mpaka hapa hakuna mgogoro.

Mgogoro uko kwenye S. Herufi hiyo ya kasi inamaanisha tairi limeidhinishwa kwenda hadi kilomita 180 kwa saa. Sasa zunguka nyuma ya pikapu hiyo hiyo. Kuna kibandiko cha duara kimeandikwa 80. Sheria ya Kenya inaiona pikapu kuwa gari la mizigo, na gari la mizigo mwisho wake ni 80. Kwa hiyo mteja anayelipa zaidi ili apate herufi ya T, ya kilomita 190, amenunua kilomita 110 ambazo ataziweka stoo.

Namba inayostahili macho ni ile iliyokaa kabla ya herufi, na hiyo ndiyo watu hawaijui. 112 si kasi wala bei. Ni kipimo cha mzigo, na kwenye jedwali lake inasimama kwa kilo 1,120 kwa kila tairi. Pikapu ndogo za kazi, zile za kubeba maziwa, saruji na viti vya kukodisha, huvaa 195R14C, na ubavuni huandikwa 106/104 na 8PR. C ni ya biashara. 106 ni kilo 950. Nyuma pana matairi mawili, basi ekseli ya nyuma ina kilo 1,900 za kuegemea. (8PR haimaanishi mna tabaka nane ndani. Ni kipimo cha nguvu kilichobaki tangu enzi za nyuzi za pamba, na muuzaji anayekuambia zimo nane mwombe akuhesabie.)

Mtafiti amekutana, zaidi ya mara moja, na pikapu ya kazi iliyovishwa tairi la saluni. Tairi la kawaida la saluni, 195/65R15, huandikwa 91, yaani kilo 615. Mawili ni kilo 1,230. Tofauti na yale ya C ni kilo 670, ambazo kwa lugha ya Kakamega ni mifuko 13 ya saruji. Pikapu haijui kwamba imenyang'anywa mifuko 13. Mwenyewe pia hajui. Anayejua ni tairi, na huwa linasubiri mteremko ndipo liseme.

Kuna pia alama ya M+S, inayopatikana ubavuni mwa matairi mengi ya pikapu. M ni matope, S ni theluji. Hapa ni robo digrii hivi kaskazini ya Ikweta. Mvua ya mawe tunaijua, imeshawahi kutuvunjia mabati na kuangusha mahindi yaliyokuwa yametoa ndevu. Theluji bado. Hata hivyo wauzaji huigusa ile S kwa kidole na kunyamaza kidogo, na mteja naye hunyamaza, na bei hubaki pale pale.

Maandishi muhimu kuliko yote ni madogo kuliko yote: tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa rafuni, na watengenezaji wengi husema tairi likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, likifika 10 liondolewe hata kama meno bado yapo. Hapo ndipo tairi la mtumba linapopata tabu. Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia nchini mradi halijazidi miaka 8, na gari likija huja limevaa. Matairi yale huvuliwa, hupakwa rangi nyeusi, hupangwa kando ya barabara na kuitwa eksi-Japani kwa sauti ya mapenzi. Meno ni mazuri kweli. Ubavuni, ukisugua ile rangi kwa kidole, kuna tarakimu za mwaka ambao mtoto wako wa sekondari alikuwa chekechea.

Wazee wana malalamiko yao hapa na yaingie kwenye kumbukumbu. Wao walizoea tairi lililotengenezwa Nairobi. Kampuni ya Firestone East Africa, iliyoanzishwa 1969 na baadaye ikabadili jina kuwa Sameer Africa, ilitoa matairi ya Yana, na Peugeot 504 nyingi zilizobeba kuku, watu na magunia katika pande hizi ziliyavaa. Kiwanda kilifungwa 2016. Tangu hapo tairi ni mgeni anayekuja kwa meli, na jina lake mara nyingi husomeka kwa kubahatisha.

Madhehebu

Eneo la Kakamega na jirani zake lina madhehebu mengi, kuanzia Wakwekeri wa Kaimosi hadi Wakatoliki wa Mukumu, na watu wake wanajua kuishi pamoja licha ya tofauti za imani. Kwenye matairi uvumilivu huo haupo.

Dhehebu la Wenye Meno huamini kwamba tairi ni ishara. Pikapu haijawahi kutoka nje ya mji isipokuwa kwenda kuoshwa, lakini imepandishwa inchi mbili, imevaa MT, na mke wa mwenyewe hupanda kwa kiti cha plastiki. Ukiwauliza kwa nini, hujibu kwa neno moja: ushago.

Wasubiri Nyuzi ni watu wa imani thabiti. Tairi haliishi mpaka nyuzi zionekane, na zikionekana halijaisha mpaka zihesabike. Ndani ya mifereji ya kila tairi kuna vizuizi vidogo vya mpira, vimeachwa makusudi, na meno yakichakaa yakalingana navyo, yaani yakibaki milimita 1.6, tairi limetangaza mwisho wake. Wasubiri Nyuzi hawajawahi kuviona vizuizi hivyo kwa sababu vyao vilikwisha zamani. Fundi wao ni mshiriki wa dhehebu. "Mwalimu, hii bado inasukuma hadi Krismasi," humwambia, na hasemi Krismasi ipi. Mara moja kwa mwaka, pikapu inapotakiwa kwa ukaguzi wa NTSA, hutokea muujiza: gari hufika likiwa na matairi manne mazuri ya binamu, na jioni binamu hurudishiwa.

Wapo pia Wapaka Rangi, wanaojali weusi wa tairi tu, na Wafuasi wa Bei, ambao hufika dukani, huuliza lipi la chini kabisa, hulipa na kuondoka bila kuuliza jina. Hawa wa mwisho mtafiti anawaheshimu kwa ukweli wao.

Kundi la tano si dhehebu, ni ndege wahamiaji. Hawa hutua kuanzia wiki ya pili ya Desemba wakitokea Nairobi. Pikapu zao ni mpya, kebini mbili, na matairi ni ya matope, ya bei ambayo ingenunua ndama wawili. Wameyanunua kwa ajili ya njia ya kwenda nyumbani, ambayo mwaka fulani, Aprili, kwenye maziko ya mjomba, iliwashika mbele ya wakwe. Hawajaisahau. Lakini sasa ni Desemba, ile miezi mitatu mikavu imeanza. Njia ya mjomba ni ngumu na ina vumbi. Ndege wahamiaji hukanyaga vumbi hilo kwa meno ya sentimita moja na nusu, hula ingokho, hucheza isukuti, na kufikia wiki ya kwanza ya Januari wamerudi Nairobi, kwenye foleni ya Waiyaki Way. Mvua kubwa hufika Machi na kumkuta aliyebaki nyumbani na HT ya kipara.

Nadharia ya Kilomita ya Mwisho

Hapa ndipo mchango wa makala haya kwa elimu ulipo. Kilomita ya Mwisho ni umbali kati ya mahali lami inapoishia na lango la mwenye gari. Inaweza kuwa mita 300 au kilomita 4, jina halibadiliki. Ni sehemu fupi kuliko zote za safari, na ndiyo inayochagua tairi.

Tuchukue mwalimu wa kubuni. Nyumbani kwake ni kilomita 2 kutoka kwenye lami, na shule iko kilomita 20 mbele, zote lami. Kila siku anatembea kilomita 44, na kati ya hizo 4 tu ni udongo, yaani asilimia 9. Hata hiyo asilimia 9 si matope kila siku. Januari ni vumbi, na kuna wiki nyingi ambazo jua la asubuhi hukausha kilichonyesha jana. Lakini mwalimu akisimama dukani, mbele ya ukuta wa matairi, haoni zile kilomita 40. Anaiona kona moja, iliyo chini ya mti wa mvule, ambapo siku moja pikapu iligeuka ikatazama ilikotoka huku mama mkwe akiwa ndani. Ananunua tairi la ile kona. Kisha kwa miaka mitatu analiburuza juu ya lami asilimia 91 ya safari, likivuma, likinywa mafuta, likiteleza alasiri mvua ikimkuta Chavakali.

Chavakali ni muhimu kuliko kona ya mvule, na sababu ni maji. Katika miaka ya 1960 watafiti wa NASA walichunguza magurudumu ya ndege kwenye njia zilizolowa, wakapata kanuni ambayo hadi leo haijapata mshindani kwa wepesi. Chukua presha ya tairi kwa pauni, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 9. Jibu ni kasi, kwa maili za baharini kwa saa, ambapo gurudumu huacha kugusa njia na kuanza kuelea juu ya maji, iwapo maji ni mengi kuliko mifereji inavyoweza kuyatoa. Presha ya 36: kipeuo ni 6, jibu ni 54, ambayo ni kilomita 100 kwa saa. Presha ya 25: kipeuo ni 5, jibu ni 45, ambayo ni kilomita 83. Kile kibandiko cha nyuma kinasema 80. Mwenye kipara na upepo wa 25, anayeendesha kwa kufuata sheria huku mvua ya saa kumi ikimwagika, amebakiza kilomita tatu kabla usukani haujawa pambo.

Kwa hiyo pendekezo la mtafiti halina mvuto wowote wa vijiweni. Mtu anayelala karibu na lami na kufanya kazi kwenye lami avae tairi la lami, lenye kipimo cha mzigo kinachotosha, lenye tarakimu za mwaka huu au uliopita, na alibadilishe kabla ya vile vizuizi vidogo kufikiwa. Jina lililo juu yake si muhimu kama hayo matatu. Anayeacha lami kila siku kwa sababu ya kazi, daktari wa mifugo anayeitwa usiku kule Ikolomani, mkusanya majani ya chai, afisa wa afya wa vilima vya Shinyalu, huyo achukue la kotekote wala asiombe radhi. La matope abaki nalo anayevuta magogo.

Na Kilomita ya Mwisho? Ina suluhisho zake za tangu jadi, na zote ni rahisi kuliko seti ya MT. Kuna gambuti. Gari huachwa kwenye lami, kwa mwenye posho mili, na mwenye gari humalizia kwa miguu, jambo ambalo baba yake alilifanya kila siku bila kuliita dhiki. Kuna nyasi ya nepia, ambayo ikikatwa na kutandikwa chini ya magurudumu ya nyuma hushika vizuri kuliko teknolojia nyingi. Ng'ombe atanuna, lakini atasamehe. Kuna gunia la mchanga nyuma, maana pikapu tupu isiyovuta kwa magurudumu yote manne ni nyepesi mkiani na hucheza hata kwenye lami. Kuna pia vijana wa kusukuma. Hawa hukaa kwenye kona ile ile ya mvule kuanzia wingu linapotanda, na bei yao hupanda pamoja na maji. Utafiti haukuweza kuthibitisha kwamba wao ndio huimwagia kona hiyo maji siku za jua, lakini mitungi ilionekana.

Upepo

Yote hayo hubatilishwa na fundi mwenye mpira wa upepo na kipimo kilichovunjika kioo. Presha sahihi imeandikwa kwenye kibandiko kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva: namba moja ya gari tupu, namba nyingine ya gari lenye mzigo, na zote zipimwe tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Mwenyeji hakijui kibandiko hicho. Husimama Khayega, tairi likiwa moto kutoka Kisumu, husema "weka ya kutosha", na fundi huweka ya kutosha. Kutosha, kwa vipimo vya mtafiti, ni chochote kati ya 22 na 60. Lililojazwa kupita kiasi huruka kwenye matuta na kuchakaa katikati. Lililopungua upepo huchakaa mabegani, hupata moto ndani, na siku ya mifuko 20 ya saruji hupasuka. Mtafiti alipouliza kwa nini kisiangaliwe kile kibandiko cha mlangoni, aliambiwa kwa upole, "Mzee, mlango haujui barabara yetu." Kauli hii ina falsafa, lakini haina upepo.

Maisha baada ya kufa

Tairi la pikapu la Kakamega halitupwi. Likitoka kwenye gari huingia kwenye toroli, likitoka kwenye toroli huwa bembea, au hukatwa likawa chombo cha kunyweshea kuku, au hupelekwa kwa mshona akala. Akala iliyokatwa kwenye MT ina meno ya kweli na hutembea vizuri kwenye mfinyanzi. Ndiyo matumizi pekee ya tairi hilo, kati ya yote aliyoyaona mtafiti, yaliyolifikisha matopeni mara kwa mara.

Swali la mawili

Linabaki suala moja ambalo wanazuoni hawajakubaliana. Mwenye gari ana hela za matairi mawili tu. Yaende wapi, mbele au nyuma?

Mafundi wote, bila kuhitilafiana, husema mbele, kwa sababu mbele ndiko usukani uliko na ndiko mwenyewe anakoona. Watengenezaji wa matairi nao, bila kuhitilafiana, husema nyuma: mbele ikiteleza gari huenda moja kwa moja na dereva huhisi mapema, akapunguza, nyuma ikiteleza gari huzunguka, na pikapu tupu, nyepesi mkiani, huzunguka upesi. Mtafiti yuko upande wa nyuma. Aliwasilisha hoja yake mbele ya jopo la mafundi chini ya mwembe, akachora mchoro mavumbini, akataja ekseli, uzito na mvua. Jopo lilimsikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha mzee wao akauliza kama mtafiti amewahi kuishusha spea yake. Wakalala chini ya gari kuitazama. Mnyororo ulikuwa umeshika kutu, nati haizunguki, tairi lenyewe halina upepo na tarakimu zake zimefutika, na kikao kikageuka cha kutafuta grisi.